Kujichora mwenyewe kwenye duara la milimita 41: tumjadili Nicholas Hilliard

FundiBrashi (Dar es Salaam)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye uzi wa bei za michoro kuna mdau aliandika kwamba picha ndogo ni za kuuzia watalii, msanii akishakomaa anahamia turubai kubwa. Sikutaka kuuvuruga uzi wa watu, nimefungua huu. Hoja yangu ni kwamba picha ndogo haikupi pa kujificha, na shahidi ninayemleta ni mtu aliyejichora mwenyewe.

Nicholas Hilliard, mzaliwa wa Exeter, Uingereza, 1547. Mwaka 1577 alikuwa Ufaransa, ana miaka 30, akakaa mbele ya kioo akajichora. Picha ni duara lenye kipenyo cha milimita 41. Ukiiweka juu ya kasha la kiberiti itatokeza kidogo tu. Leo iko London, makumbusho ya Victoria and Albert. Ndani ya kaduara hako kuna bwana mwenye kofia nyeusi, nywele za mawimbi, masharubu, ukosi mweupe wa lesi, na maandishi ya dhahabu ya Kilatini yanayotaja mwaka na umri wake.

Alifanyaje? Huyu hakuanzia kwenye uchoraji. Baba yake alikuwa sonara, na yeye akawekwa chini ya Robert Brandon, sonara wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, akajifunza miaka saba. Mwaka 1576 akamwoa Alice, binti wa fundi wake, wakaenda Ufaransa. (Mwaka 1577 alimchora pia baba yake, na 1578 akamchora Alice akiwa na miaka 22, vyote viduara vya namna hiyohiyo. Ukoo mzima unaenea kiganjani.)

Anachochorea ni ngozi ya ndama iliyokunwa hadi ikawa nyembamba na nyororo. Mwenyewe, kwenye maandishi yake ya mwaka 1600 hivi kuhusu kazi hii, anataka ngozi ambayo haijawahi kuota nywele, yaani ya kitoto kilichokutwa tumboni mwa mama yake. Ngozi inabandikwa kwa uji wa wanga juu ya karata. Ndiyo, karata hizihizi za kuchezea. Zilikuwa kadi ngumu, zilizonyooka, na zinapatikana popote. Picha nyingi za enzi ile ukizigeuza unakuta makopa au mashupaza mgongoni.

Rangi zinasagwa, zinachanganywa na maji na utomvu wa mgunga, zinakaa kwenye makombe ya baharini. Brashi ni manyoya ya kindi yaliyopachikwa kwenye unyoya wa ndege. Ile hadithi ya brashi ya unywele mmoja achaneni nayo. Unywele mmoja haubebi rangi, ukifika kwenye ngozi umeshakauka. Unachotaka ni brashi yenye tumbo la kubeba maji na ncha isiyotawanyika.

Kwanza anapaka rangi ya mwili, bapa, eneo lote la uso, haraka kabla haijaanza kukauka. Juu yake ndipo pua, macho na midomo vinajengwa kwa vijistari vya wekundu na kahawia. Lesi ya ukosi nayo huwa haichorwi tu. Rangi nyeupe nzito ya risasi inadondoshwa tone kwa tone, inakauka ikiwa imeinuka, hivyo mwanga ukiipiga inatupa kivuli chake yenyewe. Kwenye picha zenye vito alikuwa anaweka madini ya fedha, anayang'arisha kwa jino la mnyama mdogo jamii ya kicheche, halafu kwa sindano ya moto anadondosha utomvu wenye rangi juu yake. Rubi hiyo hapo. Mchoraji wa kawaida asingewaza hivyo, huo ni usonara mtupu.

Na masharti yake ya kazi sasa! Vaa hariri, kwa sababu haitoi vumbi wala nyuzi. Angalia mba za kichwani zisidondoke. Usiongee juu ya kazi, maana tone la mate likitua usoni mwa picha ndiyo basi. Mwanga utoke upande mmoja, kaskazini. Usilale sana, usikeshe sana, usile sana, usikae sana.

Ninapotaka mjadala ni kwenye kivuli. Mtazameni usoni: karibu hakuna kivuli. Wengi wetu tukitaka uso utoke tunatia giza upande mmoja wa pua, giza chini ya kidevu, mchezo umekwisha. Yeye amekataa. Anasimulia kwamba Malkia Elizabeth alipokuja kuchorwa alichagua kukaa kwenye njia ya bustani, peupe, pasipo na mti wala kivuli karibu, na wakaelewana kwamba uzuri wa uso unaonekana kwenye mwanga wazi. Kwenye milimita 41 kuna na sababu ya kiufundi: ukitia giza robo ya uso wenye ukubwa wa kucha, huna uso tena, una doa. Kwa hiyo kila kitu anakibebesha mstari. Mstari ukiyumba, kila mtu anaona.

Karibuni.

kaka_mkubwa

Nimeweka kambi. Mkuu picha mbona hujaweka?

FundiBrashi

Simu yangu inagoma kupakia. Andika jina lake na mwaka 1577 utaipata. Ila tahadhari: kwenye skrini inakuzwa mpaka unaiona kama picha ya kawaida na ladha yote inapotea. Ipunguze mpaka ilingane na ukubwa wake halisi, halafu utazame tena.

Mjomba Tanuru

Kwa kifupi jamaa alipiga selfi. Tuendelee na maisha.

Binti Kilindini (Mombasa)

Mjomba Tanuru, selfi humalizi macho kwa kuitengeneza, hiyo ulitaja si sawa.

Ndugu Fundi, ahsante kwa uzi. Mimi kazi yangu ni kupaka hina na piko maharusi, na nimecheka hapo kwa mate na kuzungumza. Bibi harusi akianza kusimulia habari za mawifi zake, mkono unacheka naye na ua limeharibika. Mimi pumzi naitoa kwanza, halafu ndiyo mstari unashuka, na kidole cha mwisho kimeegemea kwenye ngozi kama nanga. Bila kuegemea hapana mstari mwembamba, hata uwe na mkono wa malaika. Nitakuwa nashangaa kama huyo Hilliard hakuwa na pa kuegemeza.

Lakini nina lalamiko. Mbona hutaji wanawake? Sofonisba Anguissola wa Cremona, Italia, alijichora mwenyewe kwenye picha ya sentimita 8 hivi kwa 6, karibu mwaka 1556, miaka 20 kabla ya huyo wako. Iko Boston. Ameshika ngao kubwa ya duara mbele ya kifua, katikati ya ngao kuna herufi zilizosukwasukwa pamoja, na pembezoni ameandika kwa Kilatini kwamba yeye Sofonisba, mwanamwali, amejichora kwa mkono wake kutoka kwenye kioo, Cremona. Tazama ujanja: ngao inakula nafasi yote, mwili hauonekani, na hivyo hakuna haja ya kuchora mikono yenye brashi. Wewe unasoma, halafu unainua jicho unakutana na uso wake. Macho makubwa, nywele zimesukwa kichwani, nguo nyeusi, ukosi mdogo. Hana kito hata kimoja. Mimi naona huyu kamshinda Hilliard kwa utulivu.

FundiBrashi

Dada Binti, hoja yako ya kidole nakubaliana nayo asilimia mia, na sitabishana kuhusu Sofonisba. Ningeongeza Levina Teerlinc. Huyo alitoka Bruges (Ubelgiji ya leo) akahamia Uingereza, akalipwa na nyumba ya kifalme pauni 40 kwa mwaka tangu zama za Henry wa Nane. Hilliard alikuja kupewa pauni 40 zake mwaka 1599, mama wa watu ameshafariki zamani. Kazi zake zenye uhakika kuwa ni mkono wake ndiyo ugomvi wa wataalamu mpaka leo, maana hakuwa anatia sahihi.

Mpemba Ughaibuni (London)

Assalaam aleykum wadau. Mie nakaa huku na chumba hicho cha vipicha nimekiingia. Kwanza nikutoeni hamu: chumba kina mwanga hafifu, kwa sababu rangi za maji hufifia zikipigwa na mwanga. Unaingia kutoka kumbi zenye mwanga, unasimama kwanza macho yazowee, ndipo uinamie kioo. Watu wote mle ndani wameinama.

Na hii ndiyo sababu nakutaka ndugu yangu Fundi ujihadhari na hoja yako ya kivuli. Nyuso za Hilliard unazoziona leo nyeupe pee si zote alizichora hivyo. Wekundu wa mashavuni umefifia kwa miaka mia nne na ushei. Fedha aliyokuwa akiing'arisha kwa jino imegeuka nyeusi. Kwa hiyo sehemu ya huo mwanga usio na kivuli ni kazi ya wakati, si ya bwana mkubwa.

Tena kuna mzee mwingine ambaye mie nampenda zaidi: Simon Bening wa Bruges. Alikuwa mpambaji wa vitabu vya sala. Mwaka 1558, ana miaka 75, akajichora. Nakala moja iko hapa, nyingine New York kwenye makumbusho ya Metropolitan. Ukubwa ni sentimita 8 na kitu kwa 6 kasoro. Amekaa dirishani, mwanga unamjia kutoka kwenye vioo vidogo vidogo vya dirisha, mbele yake kuna kibao cha kuchorea chenye picha ya Bikira Maria na mtoto, na mkononi ameshika miwani. Miwani kaivua! Anakutazama wewe, halafu chini ameandika kwa Kilatini: Simon, mwana wa Alexander, alijichora mwenyewe akiwa na miaka 75. Sasa linganisha. Hilliard kajichora bwana mkubwa wa mjini, hana brashi, hana rangi, hana alama ya kazi. Utadhani ni mtoto wa mtawala. Bening kakuonesha dirisha, meza, miwani na uzee. Yupi mkweli?

Nyongeza: Levina aliyetajwa hapo juu ni binti wa huyu Bening.

FundiBrashi

Sheikh, kuhusu kufifia umesema kweli na nimekusoma. Ila kivuli hakikufifia, hakikuwepo. Chukua Isaac Oliver, mwanafunzi wake Hilliard, aliyejichora karibu 1590. Rangi ni zilezile na miaka ni ileile, lakini uso una kivuli kizito upande mmoja, umejengwa kwa vidoa vidogovidogo, unatoka kama uso wa sanamu. Hilliard alijua kwamba jambo hilo linawezekana, mwanafunzi wake mwenyewe alikuwa analifanya, na bado hakulitaka.

Hilo la ukweli ndiyo tamu. Bening alikuwa na miaka 75, jina lake limesimama Ulaya nzima, hana wa kumwogopa. Hilliard ana 30, yuko ugenini, anataka kazi kwenye nyumba ya ndugu wa mfalme wa Ufaransa. Uingereza ya wakati ule mchoraji alikuwa fundi tu, kundi moja na wapaka majengo. Hilliard aliandika wazi kwamba uchoraji huu wa vipicha ndio unaowafaa waungwana, kwa kuwa hauchafui nguo na unaweza kuuacha na kuurudia utakavyo. Kwa hiyo ile picha ya 1577 ni barua ya maombi ya kazi. Angejichora na kombe la rangi mkononi angekuwa anajishusha mbele ya watu haohao aliotaka wamlipe.

Wewe unaita uongo. Mimi nasema ni mtu anayejua mteja wake.

Mpemba Ughaibuni

Anajua mteja wake lakini hajui hesabu! Maliza na hadithi basi: huyo muungwana kipicha kimoja alikitoza pauni 3 hivi, fedha akaipeleka kwenye kutafuta dhahabu Uskoti, haikurudi. Mwaka 1617, mtu wa miaka 70, akafungwa Ludgate, jela ya London, kwa sababu ya deni. Akafa Januari 1619. Kofia nyeusi na lesi havikumsaidia.

Mjomba Tanuru

Kumbe msanii ni msanii tu popote. Hapo sasa nimeuelewa uzi.

Mwalimu wa Ramani

Naomba kuchangia kidogo kwenye dirisha la kaskazini kabla vijana hawajavunja kuta za nyumba za kupanga. Ushauri huo ni wa London. Kule jua la mchana liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini karibu halipigwi na jua moja kwa moja, mwanga haubadiliki sana kutwa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua liko kaskazini yetu, litakuingilia dirishani na karata yako itapinda. Desemba limehamia kusini. Hapa kwetu tafuta kibaraza chenye bati refu au pazia jeupe, na upange muda wa kazi kwa saa, usiangalie upande wa dirisha.

FundiBrashi

Mwalimu, hii nimeihifadhi. Na unyevu je? Karata inapinda hata bila jua.

Mwalimu wa Ramani

Hilo la unyevu waachie mafundi. Mimi ni wa ramani.

Mjukuu wa Bagamoyo

Wazee nimechelewa lakini kuna sura mmeiruka, na hiyo inatuhusu sisi. Hadithi yenu yote ni ya ngozi na karata. Kuanzia karibu 1700, Rosalba Carriera wa Venice akafanya vipicha kwenye vibao vyembamba vya pembe za ndovu, na mwaka 1705 chuo cha wasanii cha Roma kikampokea kwa kazi ya namna hiyo. Baada yake Ulaya na Marekani zikahamia kwenye pembe. Sababu ni kwamba pembe ikikatwa nyembamba inapitisha mwanga kidogo, hivyo uso uliopakwa juu yake unaonekana una damu ndani. Shida yake ni mafuta: rangi ya maji inakimbia juu ya pembe, inabidi uisugue na kuitoa mafuta kwanza, halafu uchore kwa vidoa na vijistari badala ya kupaka.

Wamarekani wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakinunua pembe Unguja tangu miaka ya 1820, na 1833 serikali yao ikatia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said. Pembe zile zilibebwa mabegani kutoka bara mpaka Pwani, kwetu Bagamoyo zikapita nyingi, na mnajua nani alizibeba. Nyingi zilikwenda kwenye vibao vya piano na vitana. Lakini kila ninapoona kipicha cha pembe cha karne ya 19 naona na huo upande wa pili, ambao hauandikwi kwenye kibandiko cha makumbusho.

Na kama mnataka picha ya kujichora iliyo ndogo na yenye vituko, mtafuteni Sarah Goodridge wa Boston. Mwaka 1828 alichora kwenye pembe sehemu ya mwili wake mwenyewe, kifua tu, kimezungukwa na kitambaa cheupe, hakuna uso wala jina. Sentimita 6.7 kwa 8. Akampelekea Daniel Webster, seneta, ambaye mkewe alikuwa amefariki Januari mwaka uleule. Iko Metropolitan. Webster alioa mwingine mwenye mali, ila kipicha hakukitupa, kilibaki kwenye familia yake vizazi na vizazi.

kaka_mkubwa

Mkuu weka picha hiyo.

Binti Kilindini

Kaka mkubwa, haya.

Mjukuu, hapo kwa wabebaji wa pembe nimenyamaza kidogo. Maneno mazito.

Nami niongeze mmoja wa mwisho, maana huyu alijichora akijificha. Clara Peeters, mchoraji wa vyakula na vyombo, karne ya 17 mwanzoni. Kuna picha yake ya jibini, lozi na mikate, iko The Hague. Ni picha ya meza tu. Lakini ukikazia jicho kwenye kifuniko cha mtungi unakuta uso wa mwanamke umeakisiwa pale, umepindwa na bati. Ni yeye. Kwenye picha nyingine ya 1612, iliyoko Karlsruhe, Ujerumani, kuna kikombe cha dhahabu chenye vinundu vya mviringo, na kwenye vinundu kadhaa amejichora tena na tena, kila kimoja uso na dirisha nyuma yake. Uso hapo ni mdogo kuliko punje ya mchele. Hilliard na duara lake la milimita 41 alikuwa na uwanja wa mpira.

Mdau wa Turubai

Mimi ndiye yule wa uzi wa bei. Nimesoma vyote, hongereni kwa elimu. Msimamo wangu haujabadilika. Hao wote walikuwa na wafalme wa kuwalipa. Niambieni nani Kariakoo atanunua uso wake wa milimita 41 kwa bei ya turubai la mita mbili, wakati saa za kazi ni zilezile. Mpaka mnijibu hapo, picha ndogo inabaki ya watalii.

FundiBrashi

Karibu mkuu, nilijua utakuja. Swali lako ni la biashara na ni la haki, bei siwezi kukutetea. Vipicha hivi kule vilivaliwa shingoni kwenye mkufu au kufichwa kwenye kikasha, mtu anampa mchumba au mwanadiplomasia. Hapa kwetu nimeona wateja wa namna moja tu: mtu anayetaka sura ya marehemu mzazi wake aibebe. Wanakuja na picha iliyochakaa, hawaulizi ukubwa, na hawapunguzi bei sana.

Ila kwa kujichora mwenyewe, hakuna mteja, na hapo ndipo napapendekeza kwa yeyote anayejifunza. Wanaotaka kujaribu: tafuteni karatasi ya rangi ya maji iliyo laini kabisa, isiyo na vinyweleo, ibandike kwa uji wa wanga kwenye karata, ikandamize chini ya vitabu usiku kucha. Kioo kidogo usimamishe usawa wa macho, usikishike. Chora duara kwa kizibo cha chupa ya maji ya lita kubwa. Anza na jicho la upande wako wa mkono usiofanya kazi, ili mkono usikuzibe. Na nywele mziache mwisho, zinavutia sana na zinakula siku nzima.

Binti Kilindini

Kwani ngozi ya ngoma haifai? Hapa Mombasa mafundi wa ngoma wako, ngozi ya mbuzi si ghali.

FundiBrashi

Ya ngoma ni nene na ina mafuta, dada. Labda umpate fundi akukunie kipande cha tumboni mpaka uone kivuli cha vidole kwa nyuma, halafu uisugue na unga wa chaki. Ukimpata niambie anatoza ngapi, nitaagiza vipande.

Binti Kilindini

Nitamuuliza Jumamosi, nina harusi mtaa huohuo.

kaka_mkubwa

Kizibo cha lita ngapi mkuu?

FundiBrashi

Yale madumu ya kuweka kwenye mashine ya maji. Pima kwanza kwa rula, vinatofautiana.